Uzi: Kizunguzungu kikali cha sikio la ndani. Sindano, upasuaji, na mambo ya kujua kabla hujasaini

Mizani (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni mazoezi ya tiba kwa watu waliopoteza mizani ya mwili. Wengi hufika kwangu wakiwa wameshachomwa sindano ya sikioni au wameshafanyiwa upasuaji, na karibu kila mmoja ananiuliza jambo ambalo alistahili kuelezwa mapema: "Hivi nilichofanyiwa ni nini hasa?" Uzi huu ni wa yule ambaye bado hajafika huko. Yuko na fomu ya ridhaa mkononi, au ana ndugu anayetapika kila nyumba inapoanza kumzunguka.

Sizungumzii kisunzi cha kuinuka ghafla, wala cha upungufu wa damu. Nazungumzia kizunguzungu chenyewe: dari inazunguka, macho yanacheza bila hiari, mtu ameshikilia godoro asianguke na huku tayari amelala. Shambulio moja linaweza kukaa dakika ishirini, linaweza kukaa saa kumi na mbili. Sikio moja linaziba na kuvuma, usikivu wake unashuka na kurudi, kisha unashuka na haurudi wote. Huo ndio ugonjwa wa Ménière, na ndio unaowafikisha watu wengi kwenye tiba nzito.

Jina linatokana na Prosper Ménière, daktari aliyesimamia taasisi ya viziwi jijini Paris. Mwaka 1861 alitamka kwamba mashambulizi ya namna hii yanaweza kutoka sikioni. Kabla ya hapo ilidhaniwa ni damu kujaa kwenye ubongo, na wagonjwa walitolewa damu kama tiba. Ilichukua miaka mingi hadi 1938 ndipo Hallpike na Cairns kule London, na Yamakawa kule Japani, wakachunguza mifupa ya masikio ya wagonjwa waliofariki na kukuta kitu kilekile: mirija ya ndani ya sikio imevimba kwa kimiminika kiitwacho endolimfu.

Sikio la ndani lina vimiminika viwili vilivyotengwa na utando mwembamba sana. Endolimfu imejaa potasiamu, mwenzake perilimfu umejaa sodiamu. Seli zenye vinyweleo zinazopima mwendo wa kichwa zinategemea utengano huo. Shinikizo likizidi, utando ukavuja au ukapasuka, seli zinapata mshtuko na kutuma habari zisizo za kweli.

Na hapa ndipo penye kiini cha uzi mzima, kwa hiyo naomba msome taratibu. Kila sikio linatuma ishara kwa ubongo muda wote, hata ukiwa umetulia tuli. Ubongo unapima kulia dhidi ya kushoto. Tofauti ikitokea, unaelewa kwamba kichwa kimegeuka. Sikio moja likifa kabisa, tofauti inakuwa kubwa na mtu anaumwa vibaya kwa siku kadhaa, lakini tofauti hiyo haibadiliki, kwa hiyo ubongo unajifunza kuifidia. Sikio linalopanda na kushuka bila ratiba haliwezi kufidiwa. Ni kama shahidi mahakamani: aliyenyamaza kesi inaendelea bila yeye, lakini anayebadili maneno kila siku kesi haiishi.

Tiba zote za kuharibu, iwe kwa dawa au kwa kisu, zinasimama juu ya hoja hiyo. Lengo lake ni kulinyamazisha sikio bovu ili ubongo ufanye kazi na lile zima. Haziponyi ugonjwa. Mlio wa sikioni unaweza kubaki, usikivu unaweza kuendelea kupungua. Kinachoondoka ni dunia kuzunguka.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua. Wenye uzoefu karibuni.

---

SautiYaMbali

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mgonjwa. Nimepunguza chumvi, nimemeza betahistini na dawa za kukojoa, mashambulizi hayajakoma. Daktari amenipa chaguo mbili za sindano ya kupitia kwenye ngoma ya sikio: steroidi au jentamaisini. Akaniambia nikafikirie. Nifikirie vipi na sijui tofauti yake?

---

Mizani

Pole dada. Hilo ni swali zuri na daktari amefanya vema kukupa muda.

Nianze na ulichokwisha kumeza. Betahistini imetumika miaka mingi, lakini mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Ujerumani uliolinganisha dozi mbili za betahistini na kidonge kitupu kwa miezi tisa. Mashambulizi yalipungua kwa makundi yote matatu, na hapakuwa na tofauti kati yao. Usilisome hilo kama kusema daktari wako alikosea. Dawa ni salama, na wengi wanaanza nayo. Ila likumbuke, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, na mtu huja kwenye tiba akiwa kwenye kipindi kibaya zaidi. Chochote utakachofanya wakati huo kitaonekana kimesaidia. Tutalirudia huko mbele.

Sasa sindano. Njia ni moja kwa zote mbili. Unalala chali, kichwa kimegeuzwa, ngoma ya sikio inatiwa ganzi, sindano nyembamba inapenya na kujaza dawa kwenye sikio la kati. Unabaki hivyo kama nusu saa, ukiombwa usimeze mate ovyo, maana kumeza kunafungua mrija wa kwenda kooni na dawa inakimbia. Kutoka hapo dawa inapenya kwenye utando wa dirisha duara, yaani kitundu kidogo kati ya sikio la kati na la ndani, na kuingia sikio la ndani. Kitobo cha ngoma kwa kawaida huziba chenyewe.

Steroidi, yaani deksamethasoni au methilprednisoloni, haiui kitu. Inatuliza. Ikishindwa, hujapoteza usikivu wala mizani, na mlango wa tiba nyingine uko wazi. Inaweza kuhitaji kurudiwa baada ya miezi.

Jentamaisini ni antibiotiki ya kundi moja na streptomaisini. Streptomaisini ilipoanza kutibu kifua kikuu miaka ya 1940, wagonjwa walianza kuyumba na wengine kupoteza usikivu. Madaktari waliona: kama dawa hii inaharibu kiungo cha mizani, basi tuitumie pale tunapotaka kiharibiwe. Mwaka 1948 Fowler aliitoa kwa sindano ya mwilini kwa wenye kizunguzungu, tatizo likawa kwamba inapiga masikio yote mawili. Miaka ya 1950 Schuknecht akaiweka moja kwa moja kwenye sikio la kati, sikio moja tu. Baadaye jentamaisini ilichukua nafasi yake kwa kuwa inashambulia zaidi seli za mizani kuliko seli za usikivu. Zaidi, nasema. Haiziachi za usikivu salama kabisa.

Zamani walichoma kila siku, hata mara kadhaa kwa siku, mpaka mgonjwa aanze kuyumba. Shida ni kwamba seli hazifi siku ile ile. Athari inaonekana baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wakati mgonjwa anaanza kuyumba alikuwa ameshapata dozi nyingi kupita kiasi, na usikivu uliondoka nao. Siku hizi wengi wanachoma mara moja, wanasubiri wiki kadhaa, wanapima usikivu na mizani, kisha wanaamua kama kuna haja ya nyingine. Ukiambiwa ratiba ya kuchoma mfululizo, uliza sababu.

Lingine la kumwambia daktari kabla: kama mama yako, au ndugu wa upande wa mama, aliwahi kuwa kiziwi baada ya kuchomwa jentamaisini, streptomaisini au dawa za jamii hiyo. Kuna badiliko la vinasaba linalorithiwa kwa mama pekee linalofanya sikio lidhurike hata kwa dozi ndogo.

Na hili ndilo ningetaka ulibebe. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 60 wenye Ménière ya sikio moja iliyoshindikana kwa vidonge. Nusu walipata jentamaisini, nusu methilprednisoloni, sindano mbili zilizoachana wiki mbili, mgonjwa na daktari wote hawajui ipi ni ipi. Waliwafuatilia miaka miwili. Wa jentamaisini mashambulizi yalipungua kwa asilimia 87, wa steroidi kwa asilimia 90. Ukiniuliza mimi, kama usikivu wa sikio hilo bado una faida kwako, uliza kwanza kuhusu steroidi. Jentamaisini haitakukimbia.

---

Nahodha

Mimi nilichomwa jentamaisini baada ya steroidi kushindwa mara mbili, naomba nieleze upande wa mgonjwa maana watu wanauogopa.

Sindano yenyewe si kitu cha kukulaza macho. Kuna moto kidogo ndani ya sikio, basi. Nilirudi nyumbani natembea vizuri nikadhani haijafanya kazi. Siku chache mbele ndipo nilipoelewa. Nilitaka kwenda upande mmoja, mwili ukanipeleka upande mwingine. Nikigeuza kichwa haraka, picha ilichelewa kufika. Haikuwa kama shambulio lenyewe, hakuna kutapika kwa kutisha, ila kila kitu hakijatulia. Nilishika kuta kwa wiki kadhaa.

Mashambulizi yamekoma. Nasisitiza kwa sababu mtu aliye kwenye shimo lile anahitaji kusikia: yamekoma. Usikivu ulishuka kidogo kwenye sikio hilo, mlio upo palepale. Gizani kwenye ardhi isiyo sawa bado nahitaji uangalifu. Nikipewa chaguo tena ningechoma tena. Lakini ningeanza mazoezi mapema zaidi, hakuna aliyeniambia.

---

Mdadisi

Mnaongelea kuua sikio kana kwamba ni kung'oa jino. Kama tatizo ni kimiminika kujaa, si wakitoe? Yule mwanaanga wa Marekani, Alan Shepard, alikuwa na ugonjwa huu huu, wakamwekea kijimrija cha kutolea maji, akaenda Mwezini. Kwa nini watu wa kawaida wachomwe sumu?

---

Mizani

Mdadisi, umegusa penye mjadala mkali kuliko wote kwenye fani hii, na naheshimu swali lako.

Kisa cha Shepard ni cha kweli. Aliruka angani 1961, Mmarekani wa kwanza. Miaka miwili baadaye Ménière ikamshusha, akazuiwa kuruka. Daktari William House wa Los Angeles alimfungua mfupa wa nyuma ya sikio, akatoboa mfuko wa endolimfu na kuweka mrija mdogo. Mwaka 1969 akaruhusiwa kuruka tena, na 1971 akatembea Mwezini na Apollo 14.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Georges Portmann wa Bordeaux alifungua mfuko huo kwa mara ya kwanza mnamo 1926. Kwa miongo mingi madaktari waliofanya upasuaji huu waliripoti kwamba takriban wagonjwa saba kati ya kumi wanapata nafuu. Ndipo Wadenmark, Thomsen na wenzake, wakafanya jambo la ujasiri. Wakachukua wagonjwa 30. Nusu walifanyiwa upasuaji kamili wa mfuko na kuwekewa mrija. Nusu walifunguliwa mfupa wa nyuma ya sikio tu, mfuko haukuguswa, wakashonwa. Hakuna mgonjwa aliyejua yuko kundi gani. Matokeo yalitoka 1981: makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa.

Nimelisoma jaribio hilo mara nyingi na kila mara linanisimamisha. Watu walipona, au walijiona wamepona, kwa kufunguliwa mfupa. Kuna waliochambua takwimu zile upya miaka ya baadaye na kubisha, wakisema kundi ni dogo mno na kwamba kulikuwa na tofauti iliyofunikwa. Ubishi haujaisha. Madaktari wengi bado wanaufanya upasuaji huu kwa hoja ambayo naiona ina uzito: hatari yake ni ndogo, usikivu kwa kawaida unabaki, na mgonjwa ambaye sikio lake bado linasikia vizuri anapata nafasi kabla ya hatua isiyorudi nyuma. Kuna njia nyingine pia. Kule Kanada wanabana njia ya endolimfu kwa vibanio vidogo vya titani badala ya kutoboa mfuko, na nchini China wanaziba mifereji yote mitatu ya nusu duara, ile inayopima mzunguko wa kichwa.

Kwa hiyo jibu langu: Shepard alipona, na tunafurahi. Mtu mmoja aliyepona ugonjwa ambao hupanda na kushuka hawezi kutuambia ni nini kilichomponya. Ukishauriwa upasuaji wa mfuko, ukubali ukijua kwamba sehemu ya matumaini yako inategemea hali ambayo pengine ingekuja hata bila kisu.

Kuhusu neno sumu, ni kweli, jentamaisini inaua seli. Hakuna haja ya kulipamba. Ndiyo maana haiji mwanzo.

---

Mdadisi

Nimekuelewa. Hilo la kufunguliwa mfupa na kushonwa sikuwahi kulisikia.

---

BabaWawili

Wakuu, nisaidieni. Mke wangu hasikii mzunguko tena kama zamani, sasa anaanguka. Amesimama anaongea, ghafla yuko chini, kama amesukumwa. Hazimii, akili anayo, anaamka palepale. Ameshaumia uso. Vipimo vya kifafa na vya moyo havikuonyesha kitu. Daktari wa masikio amesema ni Ménière ileile na ametaja kukata neva. Neva ya kichwani! Kweli imefika huko?

---

Mizani

Pole sana baba. Pole na kwa mama.

Anachopata kinajulikana. Daktari Tumarkin alikieleza mwaka 1936. Shinikizo linavishtua ghafla vile vifuko viwili vinavyoipa mwili habari ya wapi ni chini, na misuli ya miguu inajibu kwa sekunde moja kana kwamba ardhi imeinama. Mtu anaanguka akiwa na fahamu zake zote. Mmefanya sawa kuthibitisha kwamba si moyo wala kifafa, hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

Kwa mgonjwa wa namna hii hata mimi ninayependa hatua za taratibu nabadilika. Kuanguka kunaua. Mpaka atibiwe asiendeshe gari, asipande ngazi ya kuegemeza, asiogelee, asiwe karibu na moto peke yake. Na muulize daktari waziwazi kama jentamaisini imeshajaribiwa, maana mara nyingi inazuia maanguko haya na inaepusha kufungua fuvu.

Kama imeshindikana, njia ni mbili, na kinachoziamua ni swali moja: sikio hilo bado linasikia kwa kiasi cha kumsaidia?

Likiwa linasikia, ndipo kukata neva kunapokuja. Neva ya nane ina sehemu mbili, ya kusikia na ya mizani, zimelala pamoja. Walter Dandy wa Baltimore alikata neva hii kwa mamia ya wagonjwa kuanzia miaka ya 1920, mwanzoni akiikata yote, na usikivu ukaenda nayo. McKenzie wa Toronto akaonyesha miaka ya 1930 kwamba inawezekana kukata nusu ya mizani tu. Hadubini ya upasuaji ilipoingia, kazi hii ikawa ya uhakika zaidi. Leo, mikononi mwa timu iliyozoea, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wanaachana na mashambulizi na wengi wanabaki na usikivu waliokuwa nao.

Lakini ni upasuaji wa ndani ya fuvu, chini ya nusu kaputi, na siwezi kuupunguza ukubwa wake. Maji ya ubongo yanaweza kuvuja kupitia kidonda au pua. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuingia. Neva ya uso inapita jirani kabisa, ikiguswa upande mmoja wa uso unaweza kulegea. Wengine wanabaki na maumivu ya kichwa kwa muda mrefu. Na usikivu uliookolewa siku ya upasuaji bado unaweza kupungua polepole miaka inayofuata, kwa sababu ugonjwa uliomo kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, haukuguswa.

Kama sikio limeshakufa kwa usikivu, wanaondoa kiungo chote cha mizani: mifereji mitatu inafunguliwa kupitia mfupa wa nyuma ya sikio, na tishu zote tano zinazohisi mwendo wa kichwa zinatolewa. Hii ndiyo yenye uhakika kuliko zote kwa kizunguzungu. Usikivu wowote uliobaki unaondoka siku hiyohiyo, bila kurudi. Habari njema ni kwamba neva ya kusikia inabaki, kwa hiyo kifaa cha koklea kinaweza kupandikizwa, hata katika upasuaji huohuo.

Muulize daktari mambo haya kwa sauti, mama akiwepo. Amefanya ngapi za aina hiyo? Sikio la pili limepimwa lini? Nani atamsimamia kwenye mazoezi baadaye? Jibu la swali la tatu likiwa ni kimya, endelea kuuliza.

---

BabaWawili

Jentamaisini haijawahi kutajwa. Nitauliza. Mungu akubariki.

---

Koklea

Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo. Mizani, ndugu yangu, umeeleza vizuri, naongeza yale yanayoninyima usingizi mimi.

La kwanza ni kuharibu sikio lisilo na kosa. Kipandauso cha kizunguzungu kinafanana na Ménière kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Mgonjwa anazungukwa kwa saa kadhaa, wakati mwingine sikio linaziba na kuvuma. Tofauti ninayoitafuta ni kipimo cha usikivu: kwa Ménière kinashuka upande wa sauti nzito, na kinaonekana kwenye karatasi. Kwa kipandauso mara nyingi usikivu unabaki mzima, na mgonjwa anachukia mwanga, ana historia ya kuumwa kichwa. Ukimchoma jentamaisini huyu, umemwondolea mizani ya sikio moja na chanzo kiko palepale kwenye ubongo. Sasa ana matatizo mawili. Mgonjwa asiye na odiogramu (ndiyo karatasi hiyo ya kipimo cha usikivu) inayoonyesha upungufu, simharibu sikio.

Pia kila anayefikiriwa kwa tiba ya kuharibu apigwe MRI. Kuna uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye neva ya mizani na kuiga haya yote. MRI inayopigwa takriban saa nne baada ya kuchomwa dawa ya gadolini inaweza hata kuonyesha endolimfu iliyovimba, jambo ambalo zamani lilionekana kwa maiti tu.

La pili ni sikio la pili. Ménière inaweza kuhamia upande mwingine, hata baada ya miaka mingi. Aliyepoteza mizani ya pande zote mbili hana cha kufidia nacho. Akitembea, dunia inarukaruka machoni mwake, hawezi kusoma bango akiwa kwenye mwendo, gizani anaanguka. Sikio la pili likianza kuonyesha dalili, hatua za kuharibu zisimamishwe.

Halafu wako wanaokuja wakitaka upasuaji na hawana Ménière. Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani ni chembe za chokaa zilizoingia kwenye mfereji wa nyuma. Huondolewa kwa kuzungushwa kichwa kwa utaratibu uliobuniwa na John Epley, dakika chache tu. Wachache mno wanaoshindikana ndio wanaozibwa mfereji huo, upasuaji ulioelezwa na Parnes na McClure wa Kanada mwaka 1990. Na kuna yule anayezungukwa akisikia sauti kubwa au akijikakamua, na anasikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani, wengine husikia hata macho yao yakigeuka. Huyo huenda ana tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji wa juu. Lloyd Minor na wenzake waliueleza mwaka 1998. Wagonjwa kama hao waliwahi kudhaniwa wana matatizo ya akili. Tundu linaonekana kwa CT, na mfereji ukizibwa wengi wanapata nafuu kubwa. Naomba anayejitambua hapo aende akapimwe, asikae kimya.

---

SautiYaMbali

Daktari asante. Mimi odiogramu yangu inashuka kwenye sauti nzito, sikio la kushoto. La kulia ni zima. Nimeamua kuanza na steroidi. Swali la mwisho kwa Mizani: Nahodha kasema angeanza mazoezi mapema. Mapema ni lini, na mazoezi gani? Na zile dawa za kuzuia kizunguzungu niendelee nazo?

---

Mizani

Dada, kwa steroidi pengine hutahitaji mengi, maana haiondoi mizani. Lakini jibu ni la wote.

Dawa za kutuliza kizunguzungu, kama prokloperazini, sinarizini, promethazini na diazepamu, ni za siku ya shambulio, na za siku za mwanzo kabisa baada ya upasuaji. Zikiendelea kwa wiki na miezi zinaufanya ubongo usinzie wakati ule unaotakiwa kujifunza. Nimepokea watu waliofanyiwa upasuaji mzuri kabisa, wanayumba bado, na kumbe kila usiku wanameza kidonge ambacho hakuna aliyewaambia waache. Usikiache ghafla peke yako kama umekitumia muda mrefu, hasa diazepamu. Zungumza na daktari akipunguze.

Mazoezi yana historia ndefu. Cawthorne na Cooksey waliyapanga kule Uingereza miaka ya 1940 kwa ajili ya majeruhi wa vita, na msingi haujabadilika: ubongo unafidia kile unachokutana nacho. Anayelala kitandani akiogopa kugeuza kichwa hafidii.

Baada ya jentamaisini, anza kutembea siku hiyohiyo, na siku kuyumba kunapoanza usipande kitandani. Shika karatasi yenye herufi kwa urefu wa mkono, kaza macho kwenye herufi moja, geuza kichwa kushoto na kulia bila herufi kufifia. Ikianza kufifia, punguza kasi kidogo, kisha ongeza tena. Fanya dakika moja, pumzika, rudia, mara kadhaa kwa siku. Kisha juu na chini. Ukiweza ukiwa umekaa, simama. Ukiweza ukiwa umesimama, fanya ukitembea. Baadaye simama juu ya mto laini, miguu pamoja, mtu akiwa karibu, na ufunge macho.

Utasikia kisunzi. Kisunzi kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache baada ya kuacha ndicho kinachokufundisha, usikikimbie. Kikikulaza hadi jioni, umezidisha, punguza kesho yake. Baada ya kukatwa neva au kuondolewa kiungo, kanuni ni hiyohiyo, ila muda wa kuanza ataupanga daktari wa upasuaji, kwa sababu kuinama na kujikakamua mapema kunaweza kufungua mvujo wa maji ya ubongo. Majimaji mepesi yasiyo na rangi yakitoka puani au nyuma ya sikio, au ukipata homa pamoja na shingo kukakamaa, rudi hospitali saa hiyohiyo.

Wazee huchukua muda mrefu zaidi, na wenye macho mabovu au ganzi ya miguu pia, kwa sababu ubongo unakopa habari kutoka huko. Kama una miwani, vaa unapofanya mazoezi.

---

Nahodha

Hilo la herufi ndilo lililonirudisha mimi. Wiki ya kwanza niliona halina maana. SautiYaMbali, utuletee habari baada ya sindano.

---

SautiYaMbali

Nitaleta. Miadi ni wiki ijayo.